Makosa Mawili ya Mji Mmoja

Mwaka 1833 mshairi Alexander Pushkin alifunga safari kuelekea Orenburg, mashariki ya Urusi, kukusanya habari za uasi wa Pugachev uliotokea miaka sitini nyuma. Inasimuliwa kwamba alipopita Nizhny Novgorod, gavana wa huko alimpokea kwa taadhima, kisha akamwandikia mwenzake wa Orenburg kumtahadharisha. Huyu bwana, alisema, asiaminiwe. Hizo habari za historia ni kisingizio tu, na hapana shaka ametumwa kuwapeleleza maofisa. Gavana wa Orenburg, aliyekuwa akimfahamu Pushkin, alimwonyesha barua hiyo mgeni wake, na kikawa kicheko. Mtu aliyekuja kuuliza habari za waliokufa zamani alidhaniwa amekuja kuwatafuta wezi walio hai.

Tarehe 7 Oktoba 1835 Nikolai Gogol, kijana wa miaka 26, alimwandikia Pushkin huyo huyo kumwomba ampe kisa chochote cha Kirusi apate kukitungia mchezo. Wengi huamini kuwa alichopewa ni kile cha mgeni aliyedhaniwa mkaguzi. Miezi michache baadaye, tarehe 19 Aprili 1836 kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule, tamthilia ya Gogol iliingia jukwaani katika ukumbi wa Alexandrinsky mjini St Petersburg, na Mfalme Nicholas wa Kwanza alikuwapo. Jina lake lilikuwa neno moja tu, Revizor, yaani mkaguzi. Wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa tafsiri ya Christon Mwakasaka iliyopewa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali, nao hawakuhitaji maelezo mengi ili waielewe. Mji wa Gogol hauna jina, na msomaji wa popote ana jina la kuujazia.

Mchezo wa watu kudhaniwa sio ni wa kale sana. Mrumi Plautus, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, aliandika Menaechmi, kisa cha mapacha wawili waliopotezana utotoni. Mmoja anaingia katika mji anamoishi mwenzake bila kujua, akalishwa chakula asichokiagiza na kukaripiwa na mke asiyemwoa. Shakespeare alikichukua kisa hicho akakifanya mara mbili, mapacha mabwana na mapacha watumishi wao, akakiita The Comedy of Errors, mchezo ambao habari ya kwanza ya kuchezwa kwake ni ya tarehe 28 Desemba 1594 huko Gray's Inn, London. Katika michezo hii miwili kosa ni la macho. Nyuso zimefanana, na mwenye kuona hana hila ya kutofautisha. Nani awezaye kumlaumu mke aliyemkaripia shemeji yake akidhani ni mumewe? Mwisho wake ndugu husimamishwa uso kwa uso, fundo likafunguka, na kila mtu akarudi nyumbani bila ya deni kwa mwingine.

Gogol aliondoa pacha. Ivan Khlestakov, kijana wa miaka ishirini na kitu, karani wa daraja la chini kabisa kutoka St Petersburg, hafanani na mkaguzi yeyote, na katika mji ule hapana aliyewahi kumwona huyo mkaguzi hata mtu aseme kuwa amefanana naye. Kilichopo ni barua tu: mkuu wa mji ameandikiwa kwamba mkaguzi anakuja kwa siri. Wenye mashamba wawili, Bobchinsky na Dobchinsky, wanakuja mbio kusema kuwa wamemwona. Na ushahidi wao ni nini? Kwamba kuna kijana katika nyumba ya wageni aliyekaa wiki mbili, halipi, haondoki, na alipopita mezani aliwachungulia sahani zao. Kwa mtu mwingine ushahidi huo ungethibitisha kuwa kijana ana njaa. Kwa mji ule umethibitisha kuwa ametumwa na serikali.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini hawa hawakuumwa na nyoka. Wao ndio waliomfuga. Hakimu hupokea rushwa ya watoto wa mbwa wa kuwindia na hujihesabia kuwa hilo si dhambi, kwa kuwa si fedha. Katika ukumbi wa mahakama yake mabawabu wanafuga mabata bukini. Msimamizi wa hospitali ya maskini hawapi wagonjwa dawa za ghali, na daktari wake hajui neno hata moja la lugha ya wagonjwa. Mkuu wa posta hufungua barua za watu kwa kupenda tu kujua mambo. Mkuu wa mji mwenyewe alipokea fedha za kujengea kanisa miaka mitano iliyopita, kanisa halipo, na taarifa aliyoipeleka juu inasema lilianza kujengwa likaungua. Watu kama hawa hawahitaji mkaguzi awe na uso. Uso wamekwisha kumtengenezea zamani. Kilichobaki ni kumpata wa kumvisha.

Ndipo penye ule mkutano wa nyumba ya wageni, ambao pengine ni kati ya mambo yaliyotungwa kwa ustadi mkubwa kabisa katika michezo ya dunia. Mkuu wa mji anaingia akitetemeka kwa kuwa anadhani yuko mbele ya mkaguzi. Khlestakov anatetemeka kwa kuwa anadhani amekuja kukamatwa kwa deni la chakula. Kila mmoja anajitetea kwa kosa ambalo mwenzake halijui. Kijana anapiga makelele kwa hofu, na mkubwa huyasikia kama ghadhabu ya mwenye madaraka. Kijana anakiri kuwa hana fedha, na mkubwa husikia hapo hila ya mtu mwerevu anayeomba rushwa kwa mafumbo. Anampa rubli mia nne badala ya mia mbili alizoombwa, akashukuru kwa kupokelewa.

Baada ya hapo Khlestakov hahitaji kusema uongo. Anahitaji tu kuacha kuuzuia. Akiwa ameshiba na kulewa nyumbani kwa mkuu wa mji, anasimulia tikiti maji la rubli mia saba, supu iliyoletwa kwa meli kutoka Paris ikiwa ndani ya sufuria yake, na matarishi elfu thelathini na tano waliotumwa barabarani kumtafuta aje kuongoza idara. Kila analolisema huwafanya wakubwa wa mji wasimame wima zaidi. Kwa hakika si yeye anayepanda. Wao ndio wanaoshuka, hata akaonekana yuko juu. Gogol aliudhika sana na mwigizaji Nikolai Dyur, aliyecheza nafasi hiyo St Petersburg, kwa kuwa alimcheza kijana kama laghai wa kawaida wa jukwaani. Maoni ya mtunzi yalikuwa kwamba Khlestakov hakukusudia kumdanganya mtu. Alivikwa kilemba cha ukoka, naye, kwa wepesi wa kichwa chake, akakiona kinamkaa.

Sasa ndipo linapozuka suali, nalo si la jukwaani tu. Mji ule ulimkosea mtu. Je, kumkosea mtu ni kosa?

Kiswahili kinaliuliza suali hili kwa namna ambayo lugha nyingi haziwezi. Mtu akipotea njia amekosea, na mtu akimdhulumu jirani amemkosea. Kosa ni la mwanafunzi aliyejumlisha vibaya, na kosa ni la mshitakiwa kizimbani. Warusi wana neno moja la kukosea kwa kutojua na neno jingine la hatia; mkuu wa mji wa Gogol anaweza kusimama baina ya maneno hayo mawili na kusema kuwa lake ni lile la kwanza. Akiingia katika Kiswahili hapati pa kusimama. Mfasiri anaweza kudhani huu ni upungufu wa lugha, kwamba imeshindwa kutenga mambo mawili. Yumkini ni kinyume chake: lugha imekataa kuyatenga kabla ya kuuliza kutojua huko kulitoka wapi.

Aristotle aliliuliza hilo katika kitabu chake cha maadili. Alisema kuwa atendaye kwa kutojua aweza kusamehewa, lakini si kila kutojua ni kumoja. Alitaja mlevi: ni kweli hakujua alitendalo, ila aliyejinyima kujua ni yeye mwenyewe, kwani alikuwa na uwezo wa kutolewa; na kwa ajili hiyo kulikuwa na sheria, inayohusishwa na Pittacus wa Mytilene, ya kumwadhibu mkosaji mlevi zaidi ya mkosaji asiyelewa. Hofu ya wakubwa wa mji ule ni ulevi wa namna hiyo. Wao hawakumwona Khlestakov kwa sababu macho yao yalijaa waliyoyatenda. Hakuna aliyewatilia mchanga machoni. Basi kutojua kwao kulikuwa ni tunda la hatia yao, na tunda haliwezi kuutetea mti.

Aristotle aliongeza alama nyingine. Aliyetenda kwa kutojua, kisha akajua, huonekana kwa majuto yake: asiyejuta hawezi kusema kuwa alitenda bila ya kutaka. Kwa kipimo hiki kitendo cha tano cha mchezo ni mahakama kamili. Khlestakov amekwisha kuondoka na fedha za wote, na ahadi ya kumwoa binti wa mkuu wa mji. Mkuu wa posta, kwa tabia yake ile ile, ameifungua barua ya kijana na kuileta isomwe mbele ya wageni waliokuja kutoa pongezi. Hapo mkuu wa mji anajuta kweli kweli. Anajipiga kichwa, anajitukana, anahesabu miaka thelathini ya utumishi ambayo hapana mfanyabiashara aliyeweza kumdanganya. Lakini anajuta nini? Anajuta kuwa amechekwa. Anaogopa mwandishi fulani asije akamtia katika mchezo. Fedha za kanisa hazimo katika majuto yake, wala wafungwa walionyimwa chakula. Ameligundua kosa lake la kutojua, na mkono huo huo akalifunika kosa lake la kujua.

Wahakiki wengi huishia hapo, na hata hapo wamefika mbali. Ila ndani ya tamthilia hii hii, katika maandishi kama Gogol alivyoyakamilisha mwaka 1842, limo kosa jingine la kumdhani mtu siye, nalo hupita upesi hata msomaji asiyetulia huweza kulivuka.

Katika kitendo cha nne, wakubwa wakiisha kuingia mmoja mmoja kumkopesha mkaguzi wa uongo fedha ambazo wote wanajua si mkopo, watu wadogo nao wanaanza kuja. Miongoni mwao ni mke wa sajini. Habari yake ni fupi. Wanawake walipigana sokoni. Polisi walichelewa kufika, na walipofika wakamkamata yeye, ambaye hakuwa katika ugomvi, wakamchapa viboko hata akakaa siku mbili hawezi kuketi. Kijana anamuuliza sasa kifanyike nini. Mwanamke anajibu kwa busara ya mtu asiyetarajia makubwa: viboko haviwezi kurudishwa, hilo analijua, lakini mkuu wa mji atozwe faini kwa kukosea, nayo apewe yeye, kwani fedha hizo zingemfaa sana.

Kwa kukosea: ndilo neno analolitumia. Huyu ndiye mtu wa pili aliyedhaniwa siye katika mji ule, na kwa mpango wa matukio ndiye wa kwanza, maana alikwisha kuchapwa kabla wakubwa hawajasikia jina la Khlestakov. Kijana mmoja alidhaniwa mkubwa, akapewa nyumba, chakula, fedha na mchumba. Mwanamke mmoja alidhaniwa mgomvi, akapewa viboko. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja. Mji usiomtazama mtu, bali unatazama cheo tu, utampandisha yeyote unayemwogopa na utamchapa yeyote usiyemwogopa, na katika hali zote mbili hautakuwa umemwona mtu. Tofauti ni kwamba kosa la kwanza limepewa vitendo vitano, na la pili limepewa maneno machache baina ya mlango na mlango.

Gogol hakulipitisha kwa bahati. Tangu kitendo cha kwanza, mkuu wa mji anaposikia kuwa mkaguzi amekuwapo mjini wiki mbili, dhambi ya kwanza inayomjia mdomoni ni kuchapwa kwa mke wa sajini. Kwa hiyo anajua. Kule nyumba ya wageni, kabla hajaulizwa chochote, anajitetea kuwa habari za mwanamke yule ni uzushi wa maadui zake. Naye Khlestakov, asiyejua wanazungumza habari ya nani, anajibu kuwa mke wa sajini ni jambo jingine, ila yeye hawathubutu kumchapa. Hadhira hucheka hapo kwa kuwa jibu halihusiani na suali. Hakika linahusiana sana. Mkaguzi wa uongo na mtawala wa kweli, waliokosana katika kila jambo, wamekubaliana bila ya kujua katika jambo hili moja, kwamba kuna migongo iliyoumbwa kwa ajili ya viboko na migongo isiyoumbwa kwa ajili hiyo.

Baada yake, au pamoja naye, yumo mke wa fundi kufuli. Mumewe amechukuliwa askari, ilhali zamu haikuwa yake na sheria haimruhusu mtu mwenye mke kuchukuliwa. Ilistahili achukuliwe mtoto wa fundi wa nguo, lakini wazazi wake walitoa zawadi nono. Zamu ikahamia kwa mtoto wa mwanamke mmoja mfanyabiashara, naye akapeleka majora matatu ya kitani kwa mke wa mkuu wa mji. Hivyo ikamwangukia fundi kufuli, asiyekuwa na cha kupeleka. Huyu naye ni mtu aliyewekwa mahali pa mtu mwingine, na mapacha wa Plautus hawamo katika kisa chake. Kilichomfananisha na wengine ni umaskini. Kisha mikono yenye barua za malalamiko inajitokeza dirishani, mlango unafunguka na kuonekana mtu ambaye hajanyolewa, mdomo umevimba na shavu limefungwa kitambaa, na nyuma yake wengine. Khlestakov amechoka. Mtumishi wake anamsukuma mtu yule nje na kuufunga mlango. Yule mwenye shavu lililofungwa hasemi neno hata moja katika mchezo mzima.

Na mkuu wa mji anapoingia kujitetea, anamwambia mkaguzi kuwa mwanamke yule anasema uongo: hakuchapwa na mtu, alijichapa mwenyewe. Khlestakov hana wakati wa kusikiliza, kwani yuko katika shughuli ya posa. Jalada la mke wa sajini limefungwa hapo, wala halifunguliwi tena.

Miaka kumi baada ya onyesho la kwanza, Gogol aliyekuwa amebadilika sana, akiishi ugenini na kushughulika na wokovu wa roho yake, aliandika kipande kidogo cha kuufasiri mchezo wake. Katika kipande hicho cha mwaka 1846 mwigizaji anawaeleza watazamaji kuwa mji ule haupo katika ramani yoyote. Mji ni roho ya kila mtu. Wakubwa wala rushwa ni tamaa zinazoiba hazina ya roho. Khlestakov ni dhamiri ya uongo, nyepesi, inayonunulika. Na mkaguzi wa kweli anayetangazwa mwishoni ni dhamiri iliyoamka, itakayomkuta kila mtu mlangoni pa kaburi.

Gogol alikusudia mwigizaji huyo awe Mikhail Shchepkin, aliyemcheza mkuu wa mji huko Moscow tangu Mei 1836. Shchepkin alikataa. Katika barua aliyomwandikia Gogol mwaka 1847 alimsihi asimnyang'anye watu wake. Alikuwa ameishi nao miaka kumi, amewazoea kama watu wenye damu na nyama, na hataki kuambiwa kuwa hao si maofisa bali ni tamaa zetu. Maadam yu hai hatawatoa. Akisha kufa, Gogol awageuze hata wawe mbuzi akipenda. Kile kipande cha ufafanuzi hakikupandishwa jukwaani. Na ifahamike kwamba Shchepkin alizaliwa mtumwa wa kabaila, akakombolewa akiwa mtu mzima. Alikuwa na sababu za kujua kuwa wakubwa wa namna ile hawaishi rohoni tu.

Mzozo wa wawili hawa si mwepesi, wala haufai kuamuliwa kwa kumdhihaki Gogol. Hoja yake ina nguvu. Mkaguzi wa nje hununulika. Mchezo wenyewe umethibitisha. Wakubwa wale wangempelekea mkaguzi wa kweli bahasha zile zile, na hapana anayejua kama asingezipokea. Hadhira nayo, inayocheka kwa raha wizi wa watu wa mji wa mbali, hutoka ukumbini imejisafisha kwa kicheko na kurudi kesho ofisini kama ilivyokuwa jana. Inasimuliwa kuwa hata Mfalme Nicholas alicheka sana na kutoka akisema kila mtu amepata lake, na yeye zaidi ya wote. Ufalme wake haukubadilika kwa hilo. Ikiwa sheria hununuliwa na kicheko husahauliwa, nini kitakachobaki kumzuia mtu isipokuwa dhamiri yake?

Hata hivyo, tafsiri ile ina pengo, na pengo lenyewe lina umbo la mtu. Ikiwa mji ni roho na wakubwa ni tamaa zake, mke wa sajini ni nini? Tamaa haichapwi sokoni. Fadhila haiombi faini. Katika roho ya mkuu wa mji hapana mahali pa mgongo wa mwanamke yule, kwa kuwa mgongo ule ni wa mtu mwingine. Msomaji akiufuata mfano wa Gogol mpaka mwisho, dhuluma yote inakuwa ni jambo baina ya mwenye kudhulumu na nafsi yake: yeye ametenda, yeye atajuta, yeye atasamehewa. Aliyedhulumiwa ameondolewa tena katika hesabu, mara hii kwa jina la utakatifu. Dhamiri ni hakimu wa lazima. Ila dhamiri isiyotoka nje kwenda kumuuliza mwanamke anadai kiasi gani ni mahakama ambayo mshitakiwa peke yake ndiye aliyealikwa. Mke wa sajini hakuomba mkuu wa mji aumie moyoni. Aliomba faini.

Urithi wa mchezo huu ni mkubwa. Umefasiriwa katika lugha nyingi. India waliufanya filamu ya Afsar mwaka 1950, na Mjerumani Werner Egk aliufanya opera mwaka 1957. Jina la Khlestakov limezaa neno katika Kirusi la kutajia majisifu ya mtu mtupu. Tarehe 9 Desemba 1926 Vsevolod Meyerhold aliuonyesha Moscow kwa namna iliyobaki katika historia ya jukwaa. Mwisho wa mchezo, askari anapotangaza kuwa mkaguzi wa kweli amefika, Gogol alielekeza kundi zima ligande bila ya neno kwa karibu dakika moja na nusu. Meyerhold aliweka masanamu mahali pa waigizaji, na watazamaji wakawa wakitazama watu waliokuwa hawamo tena. Miaka 13 baadaye, mwaka 1939, alikamatwa na kusingiziwa ujasusi. Katika barua aliyoiandika gerezani alieleza jinsi alivyochapwa kwa mpira nyayoni na mgongoni, naye ni mzee wa miaka 65, mpaka akatia saini kuwa ni mtu asiyekuwa yeye. Alipigwa risasi tarehe 2 Februari 1940. Mwaka 1955, yeye akiwa hayupo, serikali ilitangaza kuwa hakuwa na hatia, yaani ilikuwa imekosea.

Urithi mwingine ni mdogo, na haupo jukwaani. Ule uongo wa mkuu wa mji, kwamba mwanamke alijichapa mwenyewe, Warusi waliupenda sana kwa uchekeshaji wake. Ukaingia katika mazungumzo ya kila siku ukawa msemo. Mpaka leo mtu anayejiletea balaa kwa mikono yake hufananishwa na yule mjane wa sajini aliyejichapa, maana katika msemo mke amegeuka mjane. Wanaoutumia hawakusudii ubaya. Lakini katika tamthilia mwanamke huyo hakujichapa. Kila aliyesoma anajua kuwa hakujichapa. Lugha, ambayo ndiyo kumbukumbu ya wengi, imepokea maelezo ya aliyemchapa, ikamwachia mwanamke lawama, na hivyo ikamdhani siye kwa mara ya pili.

Basi lile suali la kumkosea mtu linaweza kujibiwa kwa mizani ya mji huu. Kumdhani mtu siye huanza kama kosa la macho, na mwenye macho aweza kusamehewa. Huwa kosa la pili pale mtu anapojua alilolikosea akachagua la kujutia, yaani anapojutia lile lililomwaibisha na kuliacha lililomuumiza mwenzake. Mkuu wa mji alikuwa na makosa mawili mbele yake. Moja lilimfanya achekwe, akalilia mbele ya watu. La pili lilimfanya mwanamke asiweze kuketi siku mbili, akasema alijichapa.

Katika zile dakika moja na nusu za ukimya, Gogol ameeleza kwa makini nani asimame wapi: mkuu wa mji katikati, mikono ameitandaza, mke na binti yake kuumeni kwake, mkuu wa posta amegeuka mithili ya alama ya kuuliza, hakimu amechutama nusu. Kila mmoja ana mahali pake. Mke wa sajini hayumo. Yuko nje mahali fulani katika mji usio na jina, na faini yake haijalipwa.